Probesheni tatu katika nyumba moja

Swali: Wakili, salamu. Mimi ni mtunza stoo katika kampuni moja hapa Industrial Area, Nairobi. Niliajiriwa mwezi wa kwanza kwa majaribio ya miezi 6. Mwezi wa saba meneja aliniambia kwa mdomo kwamba wananiongezea muda, hakusema mpaka lini, na sasa tuko mwezi wa kumi. Nikiugua nakatwa siku. Michango ya NSSF ya uzeeni na SHA ya bima ya afya naambiwa ni ya waliothibitishwa. Nikiuliza, jibu ni kwamba mtu wa probesheni hufutwa kwa siku 7 bila kupewa sababu. Mdogo wangu wa miaka 20 naye alikiri kuiba simu katika korti ya Makadara na hakimu ameagiza ripoti ya probesheni. Halafu mpwa wangu ninayemlipia karo ameletewa barua ya probesheni na chuo chake. Hii probesheni ni kitu kimoja? Mdogo wangu atabaki na rekodi ya uhalifu? Na kuna mtu anatuambia ripoti nzuri inataka shilingi 5,000. – Msomaji, Umoja

Jibu: Dada, pole kwa mwaka mzito. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kilichonishangaza ni kwamba katika nyumba yenu, yule aliyeiba ndiye atakayetendewa kwa utaratibu kuliko nyote. Korti ikimweka mtu chini ya probesheni haiwezi kumwambia “tutaona”. Lazima itaje muda. Lazima itaje masharti, imweleze kwa lugha anayoielewa, na yeye mwenyewe aseme amekubali kuyafuata. Wewe hujamkosea mtu, lakini umewekewa muda usio na mwisho, na kwa maneno matupu.

Jina ni moja, sheria ni tatu tofauti. Kazini, probesheni ni mkataba wa kupimana kabla ya ajira kamili. Kortini ni njia ya kumwadhibu na kumrekebisha mtu akiwa nje ya jela. Chuoni ni onyo rasmi kwamba alama zimeshuka na kuna muda wa kuzipandisha. Kote mtu hupewa nafasi kwa masharti, kwa muda unaojulikana, chini ya msimamizi anayejulikana, na mwishowe uamuzi hutolewa. Sasa niende kwenye kazi yako kwanza, maana huko ndiko saa inakimbia.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 42, inasema muda wa majaribio usizidi miezi 6. Unaweza kuongezwa, nao usizidi miezi 6 mingine, na nyongeza hiyo inataka kukubali kwa mfanyakazi. Jumla ni mwaka mmoja, na mwajiri haruhusiwi kukuweka kwenye majaribio kupita hapo. Kuna wanaodhani wamepata ujanja: miezi 6 ikiisha wanakuachisha Ijumaa, Jumatatu wanakupa mkataba mpya wa majaribio kwa kazi ileile. Kifungu hichohicho kinahesabu jumla ya miezi, kwa hiyo hesabu inaendelea palepale.

Mwanzoni mwa sheria hiyo pia kuna maelezo ya mkataba wa majaribio ni upi: uwe kwa maandishi, na useme waziwazi kwamba ni wa majaribio. Barua yako ya kwanza ilitimiza hayo. Nyongeza ya mwezi wa saba haikutimiza lolote. Hakuna karatasi, hakuna tarehe ya mwisho, na hakuna mahali ulipotia sahihi kukubali. Meneja atasema ulinyamaza ukaendelea kuja kazini, basi ulikubali. Mimi nikiwa upande wako ningemuuliza alitaka mama mwenye karo ya kulipa afanye nini, asije?

Je, hiyo ina maana kwamba tayari wewe ni mfanyakazi aliyethibitishwa? Hapa nikuwekee mambo wazi. Maamuzi ya mahakama zetu hayajafanana. Kuna majaji walioona kwamba muda ukipita na mwajiri akaendelea kukutumia bila neno, umeshathibitika kwa vitendo vyake. Na kuna walioshikilia kwamba kuthibitishwa kunataka hatua ya mwajiri. Kinachoamua mara nyingi ni maneno ya barua yako ya ajira. Itoe, uisome pale pameandikwa kuhusu kuthibitishwa. Ikisema utathibitishwa baada ya miezi 6 “isipokuwa muda uongezwe kwa maandishi”, kesi yako ina nguvu sana. Ikisema utabaki kwenye majaribio mpaka upewe barua, utakuwa na kazi zaidi ya kufanya, ingawa hata hapo mwaka mmoja ndio ukomo.

Sasa hizo siku 7. Hapo wamekuambia ukweli nusu. Ni kweli kwamba mkataba wa majaribio huvunjwa kwa notisi isiyopungua siku 7, au mwajiri akulipe mshahara wa siku hizo uende. Nawe pia una haki hiyohiyo ya kutoa notisi ya siku 7 ukipata kazi bora. Kwa aliyethibitishwa na anayelipwa kwa mwezi, notisi ni siku 28 au zaidi kulingana na mkataba, na ndiyo maana kampuni nyingine hazina haraka ya kuandika ile barua.

Ukweli nusu nyingine ni hili la “bila sababu”. Kwa miaka mingi kifungu cha 42 kiliwanyima walio kwenye majaribio haki ya kusikilizwa ambayo kifungu cha 41 huwapa wengine. Mwaka 2021 majaji 3 wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ile tunayoiita Mahakama ya Leba, waliamua kwamba ubaguzi huo unakwenda kinyume cha Katiba, hasa haki ya kutendewa kwa haki kazini na haki ya hatua za kiutawala zilizo za haki. Maana yake ni kwamba mwajiri anayetaka kukuachisha kwa utendaji mbaya au utovu wa nidhamu anapaswa kukuita, akueleze kosa kwa lugha unayoielewa, ukiwa na mwenzako wa kazini uliyemchagua au mwakilishi wa chama, na ausikie utetezi wako kabla ya kuamua. Mameneja wengi wa mji huu walijifunza sheria ya kazi katika semina moja kabla ya mwaka huo na hawajafungua kitabu tena. Zaidi ya hapo, majaribio hayajawahi kuwa ruhusa ya kubagua: hakuna anayeruhusiwa kukuachisha kwa sababu ya mimba, kabila, dini au ulemavu, hata siku yako ya pili kazini.

Kuhusu kuugua, ukishamaliza miezi 2 mfululizo kazini una haki ya likizo ya ugonjwa, angalau siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara katika kila miezi 12, mradi ulete cheti cha daktari. Sheria haikutaja kuthibitishwa mahali popote hapo. Siku ulizokatwa huku ukiwa na karatasi ya hospitali ni deni. Likizo ya mwaka nayo inaendelea kujikusanya: ukiachishwa baada ya miezi 2 au zaidi unadai siku 1.75 kwa kila mwezi uliokamilika. Kwa miezi yako 9 hiyo ni karibu siku 16 za mshahara. Watu wengi huondoka bila kuzidai.

Michango ndiyo iliyonikasirisha zaidi. NSSF, bima ya afya ya jamii ya asilimia 2.75 na tozo ya nyumba ya asilimia 1.5, ambayo mwajiri huongeza asilimia 1.5 yake, huanza na mshahara wa kwanza. Hazina habari na barua ya kuthibitishwa. Chukua hati zako zote za mshahara tangu Januari, kisha uangalie kwenye akaunti yako ya NSSF kama kuna kilichoingia. Ikiwa ulikatwa na hakikupelekwa, hilo nalo ni kosa.

Nisiwaonee waajiri. Nao huja ofisini kwangu, na wengine wameumizwa na watu waliowaamini mapema. Majaribio yana kazi yake: mwajiri anaona kama maneno ya usaili yanalingana na mikono, na mwajiriwa anaona kama kampuni inalipa tarehe iliyosema. Lakini miezi 6 kumjua mtunza stoo ni mingi. Hesabu ya mali ya mwisho wa mwezi wa kwanza na wa pili ikilingana na vitabu, umemjua. Anayehitaji miezi 9 bila kukaa nawe hata mara moja kukuonyesha ulipokosea hapimi kitu. Anaokoa gharama tu.

Cha kufanya sasa ni kuandika, na si kugombana. Tuma barua pepe fupi kwa meneja na ofisi ya wafanyakazi, kwa Kiswahili au Kiingereza, yote ni lugha rasmi. Unaweza kusema hivi: “Niliajiriwa tarehe fulani Januari kwa majaribio ya miezi 6 yaliyokwisha Julai. Sijapokea barua ya nyongeza wala ya kuthibitishwa, na ninaendelea kufanya kazi. Naomba kikao cha tathmini ya kazi yangu na barua inayoeleza hali ya ajira yangu. Naomba pia maelezo kuhusu siku za ugonjwa nilizokatwa na michango yangu ya NSSF na SHA.” Usitishie mtu na usitaje wakili. Weka nakala kwenye simu yako, si kwenye kompyuta ya kampuni. Wakikuletea fomu ya nyongeza yenye tarehe ya Julai, usiitie sahihi kwa tarehe ya nyuma. Andika tarehe ya siku hiyo uliyoipokea.

Wakinyamaza wiki mbili, nenda kwa afisa wa leba, malalamiko hupokelewa bure. Wakikuachisha, una miaka 3 ya kufungua kesi, ila usingoje mashahidi wahame kazi. Korti ikiona uliachishwa isivyo haki inaweza kukupa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12, ingawa kwa mtu wa miezi 9 kazini usitarajie kufika huko juu. Na ukitimiza wiki 4 tu kazini, una haki ya cheti cha huduma siku ya kuondoka, upendwe usipendwe.

Tuje kwa mdogo wako. Probesheni ya korti iko chini ya Sheria ya Probesheni ya Wahalifu, Sura ya 64, iliyotungwa wakati wa ukoloni mwaka 1943. Asili ya wazo lenyewe ni mbali zaidi: mwaka 1841 huko Boston, Marekani, fundi viatu aliyeitwa John Augustus alimchukulia dhamana mlevi aliyekuwa karibu kufungwa, akamrudisha kortini baada ya wiki chache akiwa mtu mwingine. Aliendelea kufanya hivyo kwa mamia ya watu, bila mshahara, na serikali zikafuata baadaye.

Wizi wa kawaida wa simu, bila silaha wala kumpiga mtu, hushtakiwa chini ya kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake ni hadi miaka 3. Hilo ni kosa ambalo hakimu anaweza kabisa kulimaliza kwa kifungo cha nje. Ameagiza ripoti kwa sababu sheria inamtaka aangalie umri, tabia, mazingira ya nyumbani, afya ya mkosaji na uzito wa kosa. Ripoti hiyo huandikwa na afisa wa Idara ya Probesheni na Huduma za Baada ya Kifungo. Atamhoji mdogo wako, atazungumza na nyinyi nyumbani, atamuuliza chifu au mzee wa mtaa, na atamtafuta mwenye simu asikie anasema nini.

Hapo kwa mwenye simu ndipo familia nyingi hupotea. Zinashughulika kumsifu kijana na kumsahau aliyeibiwa. Simu ikirudi, au ikalipwa, na mwenyewe akamwambia afisa kwamba ameridhika, ripoti hubadilika sura. Msimfuate kwa vitisho wala kumsumbua kwa simu za usiku. Mtumieni mtu mzima anayeheshimika, na malipo yaandikwe. Afisa akija Umoja msimfiche kitu. Kama kijana aliwahi kukamatwa, au anavuta bangi, atalijua kwa majirani, na uongo wenu utaingia kwenye ripoti pamoja na ukweli. Mwonyesheni mahali atakapolala, nani atamsimamia, na kama kuna mafunzo ya ufundi au kibarua anachoweza kuanza. Barua ya fundi wa gereji anayekubali kumchukua ina uzito kuliko barua tatu za kumsifu.

Ripoti ni mapendekezo, uamuzi ni wa hakimu. Akikubali, amri itakuwa ya muda usiopungua miezi 6 na usiozidi miaka 3. Kijana ataishi nyumbani, atakuwa akiripoti kwa afisa wake siku anazopangiwa, hatahama bila kumjulisha, na anaweza kuwekewa masharti mengine, kama kukaa mbali na marafiki fulani. Hakimu akichagua njia ya kuhudumia jamii, hiyo ni sheria nyingine, ya mwaka 1998, na hapo atafanya kazi bila malipo, pengine kufagia hospitali au kupanda miti. Watu wa mtaani huziita zote mbili kifungo cha nje, lakini msichanganye masharti.

Akivunja masharti anaitwa tena kortini. Akitenda kosa jingine ndani ya muda huo, anaweza kuhukumiwa hata kwa lile la kwanza ambalo lilikuwa limewekwa kando, na safari hiyo hakimu hatakuwa na huruma ya mwanzo. Nimeona vijana wakifungwa kwa kuhamia kwa shangazi Kayole bila kumwambia afisa. Simu moja tu ingewaokoa.

Umeuliza kuhusu rekodi. Sheria inampa hakimu wa mahakama ya chini njia mbili: amtie hatiani kisha atoe amri ya probesheni, au atoe amri hiyo bila kumtia hatiani. Njia ya pili ndiyo bora kwa kijana wa miaka 20. Lakini amekiri, na kwa kawaida mtu akikiri hakimu huandika palepale kwamba amepatikana na hatia kwa kukiri kwake mwenyewe. Ulizeni karani kama hilo limeshaandikwa kwenye faili. Kama bado, mwombeni wakili, hata wa siku hiyo moja, aiombe korti njia ya pili. Kama limeshaandikwa, basi ni hatia, na siku akiomba cheti cha tabia njema kwa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, alama zake za vidole zinaweza kuitoa kesi hiyo hata kama hakulala jela. Waajiri wengine hukubali maelezo, hasa akiwa na barua ya afisa kwamba alimaliza muda wake vizuri. Kwa hiyo muda ukiisha, aiombe barua hiyo.

Kwa mpwa wako sitasema mengi, maana hana kesi. Probesheni ya alama imetoka katika vyuo vya Marekani, na hapa Nairobi utaikuta zaidi katika vyuo vinavyotumia wastani wa alama wa hadi 4.0, ambapo chini ya 2.0 mwanafunzi wa shahada ya kwanza huwekwa chini ya uangalizi kwa muhula mmoja au zaidi. Vyuo vyetu vingi vya umma huenda kwa mitihani ya marudio, kurudia mwaka, kisha kufukuzwa. Asome kitabu cha kanuni za chuo chake kabla ya kusajili masomo ya muhula ujao: aangalie kama somo alilofeli akilirudia alama mpya inafuta ya zamani au zinajumlishwa, maana hilo ndilo litakaloamua arudie au achukue jipya. Apunguze idadi ya masomo ikiwa anaruhusiwa. Na kama kuna ugonjwa au msiba uliomwangusha, apeleke ushahidi kwa maandishi sasa hivi, si baada ya kufukuzwa. Nawe mlipa karo, omba uonyeshwe hiyo barua. Wengine huificha mpaka ya pili ije.

Mwisho, hizo shilingi 5,000. Ripoti ya probesheni haina ada, hata senti. Anayewaambia hivyo huenda hata hamjui huyo afisa. Kuna watu wanaoshinda kwenye veranda za korti wakisikiliza majina yakiitwa, kisha wanawafuata ndugu nje ya lango. Msitoe. Mwendeeni afisa mwenyewe katika ofisi ya probesheni iliyo hapo Makadara, mjitambulishe, mwachieni namba ya simu na maelekezo ya kufika nyumbani. Ikitokea ni afisa mwenyewe anayedai, andika siku, saa na maneno aliyotumia, upeleke kwa msimamizi wake au kwa EACC, tume ya kupambana na ufisadi, pale Integrity Centre. Mkitoa, nanyi mtakuwa mmetenda kosa, na nyumba yenu itakuwa na kesi mbili badala ya moja.